Usiku wa Giza Katonga

Nilikwenda Katonga kwa ajili ya taa. Kazi yangu ya kila siku ni ya maabara: napaka tabaka nyembamba sana za metali na oksaidi juu ya vipande vya kioo na alumini, kisha napima zinameza mwanga kiasi gani na kutoa joto kiasi gani. Katika fani yetu tunaziita maada amilifu, yaani maada ambazo thamani yake imo katika kazi zinayoifanya mwanga ukizigusa, umeme ukizipitia au joto likizipanda. Kila ripoti tunayoandika ina sehemu ya matumizi, nayo hujazwa maneno yaleyale: kukausha samaki, kuwasha taa, kuhifadhi umeme. Kwenye Ziwa Tanganyika wako watu wanaofanya mambo hayo yote kwa fedha zao wenyewe, na riziki yao inategemea kama yamefanikiwa. Nilitaka kuwaona.

Nilipanda treni ya Reli ya Kati, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na inayokata nchi kutoka baharini hadi ziwani, zaidi ya kilometa 1,200. Baada ya Tabora miombo inatawala. Unavuka Malagarasi, unapita Uvinza ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kisha vilima vinaanza kubanana na upepo unabadilika. Mkabala nami alikaa mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa akirudi kutoka kuuza dagaa Dar es Salaam. Aliponiuliza naenda kwa nani, nikamwambia naenda Katonga kuangalia taa za wavuvi.

"Basi umekuja kwa wakati, mwanangu," akasema. "Sasa ni giza."

Wavuvi wa dagaa wanaugawa mwezi hivyo, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi hutoka jioni na kurudi asubuhi, mnamo saa mbili. Mbalamwezi ikikolea watu hubaki nchi kavu, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi, kwa sababu mwanga wa mwezi unatanda ziwa zima na taa haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja. Kalenda yote ya Katonga, kuanzia deni la dukani hadi siku ya harusi, inafuata mpangilio huo.

Kutoka Kigoma mjini daladala ya Katonga haichukui zaidi ya dakika 20. Inapanda vilima vilivyo juu ya ghuba, ziwa likiwa mkono wa kulia, kisha inateremka hadi kwenye kijiji kilichojaa mitumbwi ya mbao. Yote ikiwa ufukweni inazidi mia mbili. Nilifika alasiri, saa ambayo mafundi wanakagua nyaya na vijana wanabeba betri mabegani kuzipeleka majini. Kwa mtu wa fani yangu ilikuwa furaha kubwa: kila chombo kilikuwa na maada ninazozijua kwa fomula zake, na hapa nilizikuta zimefungwa kwa kamba za katani na mipira ya baiskeli.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye amemiliki mitumbwi tangu ujana wake. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia na kuniketisha kwenye kigoda chini ya upenu. Hakuwa na haraka. Aliniambia jinsi baba yake alivyovua kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye omo ya mtumbwi, akiwachota dagaa kwa lusenga, ule wavu wa mduara wenye mpini mrefu. Karabai na nyavu za kuinua zilipoingia katika miaka ya 1950, lusenga ilianza kupotea. Kisha akaingia ndani na kutoka na karabai yake ya mwisho. Haijawashwa kwa muda mrefu, lakini chupa yake ilikuwa imefutwa vizuri.

Ndani yake palining'inia kile kifuko cheupe ambacho ukikigusa kinakuwa vumbi. Hicho kifuko ni mojawapo ya kazi bora zilizowahi kufanywa katika sayansi ya maada. Aliyekitengeneza ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, ambaye alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1885. Alilowesha kitambaa cha pamba katika chumvi za metali, akakichoma, na pamba ilipoteketea pakabaki kiunzi cha oksaidi kinachowaka weupe ndani ya mwali. Cha kwanza kilitoa mwanga wa kijani usiopendeza. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliodumu: thoriamu oksaidi asilimia 99, na seriamu oksaidi asilimia 1. Thoriamu oksaidi inavumilia joto la kupita nyuzi 3,000 bila kuyeyuka, na yenyewe haitoi mionzi mingi ya joto, kwa hiyo kifuko kinapanda joto sana. Ile seriamu kidogo ndiyo inayogeuza joto hilo kuwa mwanga unaoonekana. Ukizidisha seriamu, mwanga unapungua. Ukiitoa, unapungua pia. Asilimia moja ndiyo iliyowaweka wavuvi wa ziwa hili kazini kwa zaidi ya nusu karne.

Mzee alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo ni la mtu wa biashara: kama ilikuwa nzuri hivyo, mbona ilikuwa inamaliza mafuta? Alikuwa na haki ya kuuliza. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, na karabai kubwa inaimaliza kwa saa nane hivi. Hiyo ni zaidi ya wati 1,000 kwa taa moja, na karibu yote inaondoka kama joto. Taa ya LED inayotoa mwanga wa kiasi hicho haihitaji hata wati 20. Mtumbwi wenye karabai nane au kumi ulikuwa ukichoma lita hizo kila usiku, upate dagaa usipate.

Jioni mzee aliniombea nafasi kwa nahodha wake. Vyombo vya hapa ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo marefu, wavu ukitandazwa chini yake. Tulitoka jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Nahodha alichagua mahali kwa kuangalia mkondo na kwa mambo mengine ambayo hakunieleza, injini ikazimwa, wavu ukashushwa, taa zikawashwa.

Taa zenyewe zilikuwa balbu za LED zilizofungwa ndani ya vyombo vya plastiki na kuzibwa kwa gundi, zikining'inia kwenye miti pande zote za chombo. Nyuma ya kila moja kijana wa mashine alikuwa amebana kipande cha alumini kilichokatwa kutoka sufuria kuukuu. Nilimuuliza ni cha nini. Akasema zisipokuwa nacho zinafifia mapema, hazimalizi hata giza mbili. Alikuwa amegundua kwa majaribio yake jambo ambalo katika maabara tunalipima kwa vyombo vya bei kubwa: kitu kinachoiua LED ni joto lake yenyewe. Chipu ikikosa pa kulitolea, ule utando wa juu yake unabadilika rangi na mwanga unashuka. Kijana yule hakupita sekondari, na kipimo chake cha ubora, yaani idadi ya giza ambazo taa imezimaliza, ni kipimo kizuri kuliko kile kinachoandikwa kwenye maboksi.

Utando huo ndio ulionifanya nisilale usiku ule. LED nyeupe haitoi mwanga mweupe kwa asili. Ndani yake kuna chipu ndogo ya galiamu naitraidi inayotoa mwanga wa buluu. Wanasayansi wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walihangaika nayo mpaka ikakubali, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu ya chipu hupakwa unga wa njano unaomeza sehemu ya buluu na kuitoa tena ikiwa njano, na jicho likichanganya rangi hizo mbili linaona weupe. Unga unaotumika zaidi ni fuwele ya itriamu, alumini na oksijeni iliyotiwa chembe kidogo za metali nyingine. Metali hiyo ni seriamu.

Ni seriamu ileile ya karabai ya mzee. Wavuvi wa Katonga walipoacha mafuta ya taa na kuhamia kwenye betri, walibadilisha karibu kila kitu, lakini chembe inayowatengenezea mwanga ilibaki. Nilimwambia hivyo nahodha. Akatazama taa, akatazama maji, akaniuliza inapatikana wapi. Nikamjibu kwamba iko nchini kwetu. Katika mkoa wa Songwe kuna mlima uitwao Ngualla wenye akiba kubwa ya madini adimu, na serikali ilitia saini mkataba wa mradi huo mwaka 2023. Kinachowavutia wawekezaji pale ni neodimiamu na praseodimiamu kwa ajili ya sumaku za mota, lakini katika mawe ya aina ile seriamu ndiyo nyingi kuliko zote. Inahesabiwa kuwa ya bei ndogo, ya pembeni. Mimi naamini ndiyo tungeanza nayo, kwa sababu kazi yake tunaiona kila usiku wa giza.

Chini ya taa maji yalikuwa safi kiasi kwamba mwanga ulishuka mbali. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini chini ya mita 100 hadi 200 maji hayana oksijeni, na uhai wote wa samaki umebanwa katika tabaka la juu. Maji safi humeza rangi nyekundu katika mita chache za mwanzo na kuiachia buluu iende chini zaidi. Kwa hiyo LED, yenye buluu nyingi, inaingia majini vizuri kuliko karabai. Wadudu wadogo wa majini walikuja kwanza, dagaa wakawafuata, migebuka wakaja kuwawinda dagaa. Vijana walianza kuvuta kamba kabla ya alfajiri, wakiimba taratibu, na wavu ulipofika juu ulikuwa fedha tupu.

Hapo nina neno la tahadhari. Mvuvi mmoja akiongeza taa, jirani naye anaongeza, na mwisho wote wanatumia mwanga mwingi kuwapata dagaa walewale, wakiwemo wachanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kupanda kwa joto la maji kumepunguza mzunguko wa virutubisho kutoka chini na hivyo kushusha uzalishaji wa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa hiyo swali la taa bora halijibiwi kwa kutaja ukali wa mwanga peke yake. Ni rangi gani inawavuta dagaa wakubwa na kuwaacha wadogo? Taa iliyozamishwa majini inahitaji umeme kiasi gani ikilinganishwa na ile inayopoteza sehemu ya mwanga wake hewani? Maada zipo za kutengeneza rangi yoyote tunayotaka. Majibu yanahitaji ziwa na watu wanaolijua.

Betri nazo zina habari yake. Nyingi nilizoziona ni za risasi na asidi, za aina ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Ukiitumia usiku kucha mpaka ikauke, fuwele za salfeti ya risasi zinaganda kwenye bamba zake, na kila giza linapopita uwezo wake unapungua. Wenye mtaji wameanza kununua za lithiamu, hasa zile za fosfeti ya chuma, ambazo zilitokana na kazi ya maabara ya John Goodenough kule Texas katika miaka ya 1990. Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa betri za lithiamu kwa jumla. Aina hiyo haihitaji kobalti, haishiki moto kirahisi, na inavumilia kukaushwa. Bei yake ya kwanza ndiyo inayowazuia wengi. Na ukisimama Katonga ukatazama ng'ambo, unatazama Kongo, ambako mkoa unaobeba jina la ziwa hili, Tanganyika, una Manono, mojawapo ya akiba kubwa za lithiamu duniani. Boti za mizigo zinakwenda Kalemie, makao makuu ya mkoa huo, kutoka Kigoma. Lakini lithiamu inayotumika hapa inafika kutoka mbali, ndani ya boksi.

Tulirudi jua limeshapanda. Ufukwe ulikuwa umejaa akina mama wenye ndoo, wachuuzi, wapiga hesabu, watoto, na bei zilikuwa zikipangwa kwa sauti za juu kabla mitumbwi haijagusa mchanga. Baada ya nusu saa dagaa walikuwa wamekwisha kutandazwa, wengine kwenye vichanja vya wavu wa waya, wengine chini.

Nilikaa na kundi la wanawake wa vichanja mpaka mchana, na kama ningeambiwa nichague sehemu moja ya safari hii ya kuirudia, ningechagua hiyo. Walikuwa wakarimu, na waliyajua mambo kwa undani. Mmoja alinionyesha tofauti ya dagaa wa kichanjani na wa chini kwa kuwavunja karibu na sikio langu. Wa kichanjani hupata hewa juu na chini, hukauka siku hiyohiyo jua likiwa kali, na hawana mchanga. Mvua zinapoanza, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili, hesabu zote zinavurugika. Dagaa wa siku mbili wenye unyevu wanageuka rangi, wananuka, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Walikuwa wamejaribu banda la nailoni, wakaonyesha fremu yake. Nailoni ilikuwa imepasuka vipande.

Nailoni ile haikupasuka kwa uzembe wa mtu. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa Ikweta, na mionzi ya urujuanimno ya hapa inakata minyororo ya polietilini kila saa ya mchana. Plastiki ya mabanda ya kilimo huchanganywa na viambato vinavyozuia ukataji huo; ile ya kawaida ya dukani haina. Kwa macho zinafanana. Wanawake hawa walihitaji mtu wa kuwaambia ipi ni ipi, au kipimo rahisi cha kuzitofautisha.

Nikawaeleza kuhusu tabaka tunazozitengeneza. Tangu mwaka 1955, mwanasayansi wa Israeli Harry Tabor alipoonyesha njia, tunajua kutengeneza bamba jeusi linalomeza karibu jua lote lakini linabana joto lake, halilitoi ovyo kama bamba lililopakwa rangi nyeusi ya kawaida. Mwaka 1980 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba alumini iliyotiwa chembe za nikeli katika utando wake wa oksaidi inafanya kazi hiyo vizuri. Kanuni yake ni ya karabai iliyogeuzwa: kifuko cha Auer kinatoa mwanga na kubana mionzi ya joto, bamba hili linapokea mwanga na kubana mionzi ya joto. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tabaka za namna hii kwa miaka mingi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala.

Mama aliyekuwa akigeuza dagaa akauliza: bamba hilo likiwa la moto sana, dagaa hawataiva? Ndilo swali sahihi. Joto likizidi, ngozi inakauka na kufunga unyevu ndani. Bamba halipaswi kukaa chini ya samaki; lipashe hewa kwenye sanduku la pembeni, na hewa hiyo kavu ipite kati ya vichanja hata siku ya mawingu mepesi. Tulichora mchoro mchangani. Yeye ndiye aliyesema mdomo wa hewa uelekee wapi, kwa sababu anajua upepo wa ziwa unageuka saa ngapi.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Mwaka 2013 watafiti wa mradi wa Lumina wa Maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walichapisha majaribio ya taa za LED kwa wavuvi wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na maada za nano, na alianza na shida ya maji aliyoiona kijijini kwao. Kigoma kwenyewe kuna kituo cha TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi. Wataalamu wa samaki wapo tayari ziwani. Wa maada ndio hatujafika.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za fizikia, kemia na uhandisi katika vyuo vyetu: wekeni eneo la majaribio Katonga, pamoja na TAFIRI na wavuvi wenyewe. Halihitaji jengo. Linahitaji taa za aina mbalimbali kwenye mitumbwi michache, betri zinazopimwa kila giza, vipande vya nailoni vilivyoachwa juani, sanduku moja la kupashia hewa, na kumbukumbu zinazoandikwa na watu wa mwalo na kulipwa kama kazi nyingine yoyote ya utafiti. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuanza giza lijalo. Treni inafika, na daladala ya Katonga inatoka mjini mara nyingi kwa siku.